Mlango Uwe Mmoja kwa Wote

Safari hii tunataka kuzungumza nanyi juu ya ngazi, milango, magunia na mizani. Pengine wako watakaouliza: je, chama kimekosa la kusema juu ya mishahara hata kianze kuhesabu ngazi? Jibu letu ni kwamba ngazi nazo hula mshahara wa mtu. Tutaeleza jinsi tulivyoliona jambo hilo kwa macho yetu.

Katika kiwanda kimoja hapa Bujumbura, ambacho hatutakitaja jina, mwenzetu wa idara ya upakiaji aligongwa na gari la mizigo akiwa kazini. Mguu wake ulikatwa chini ya goti. Baada ya miezi mingi alirudi akitembea kwa magongo, na mwajiri akakubali kumpa kazi ya kuhesabu katoni akiwa amekaa. Sisi wa chama tulifurahi, tukaona tumeshinda. Tulisahau kutazama mlango. Mlango mkuu wa kiwanda kile una ngazi saba, tena hazina mahali pa kushikilia. Mwenzetu alizipanda siku mbili. Siku ya tatu mvua ilinyesha, akaanguka.

Tulikwenda kwa meneja. Meneja akasema hakuna taabu, akaamuru mafundi wamwage saruji nyuma ya kiwanda, pale magari yanaposhusha mizigo, wakatengeneza njia ya mteremko. Tukashukuru, tukarudi nyumbani. Lakini daftari la mahudhurio lilibaki kule mbele, juu ya ngazi saba. Ilimpasa mwenzetu kuzunguka ukuta mzima, kumngoja mlinzi afungue geti la nyuma, kisha kuvuka ukumbi wa mashine mpaka kulifikia daftari. Kila siku alitia sahihi akiwa amechelewa. Mwisho wa mwezi akakuta amekatwa fedha. Alipotuonyesha karatasi yake ya malipo alisema: “Ndugu zangu, njia mmenipatia, lakini nailipia.”

Maneno hayo yalitufanya tukae chini tufikiri upya. Na kisa hiki kina upande wa pili. Ule mteremko wa nyuma ulipokauka tu, wachukuzi walianza kupitisha toroli zao hapo badala ya kuzibeba juu ya ngazi. Dada mmoja mjamzito wa idara ya ufungaji akawa anapita hapo. Mzee wa zamu ya usiku, ambaye magoti yake yamechoka, naye akahamia hapo. Mafundi wenye mitungi ya gesi wakafuata. Haikupita miezi miwili, kilichojengwa kwa ajili ya mtu mmoja kikawa njia ya nusu ya kiwanda. Basi tukajiuliza: kama watu wengi hivi walikuwa wakiihitaji njia ile, kwa nini haikuwekwa mbele tangu siku kiwanda kilipojengwa?

Swali hilo ndilo linalotuleta kwenye maneno mawili ambayo kila mjumbe wa chama anapaswa kuyafahamu: ufikivu, na usanifu kwa wote.

Ufikivu maana yake ni kwamba mtu aweze kufika mahali, kuingia, kukitumia kilichomo na kuelewa kinachosemwa, bila kuzuiwa kwa sababu ya hali ya mwili wake. Jambo hili linapimika. Mlango una upana gani? Je, kiti cha magurudumu kinapita? Mteremko umeinuka kiasi gani? Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni kwamba kila sentimita 10 za kwenda juu zipewe sentimita 120 za kwenda mbele. Mteremko ukiwa mkali kuliko hapo, mwenye kiti anaweza kushindwa kuupanda peke yake, na akiteremka anaweza kupinduka.

Usanifu kwa wote ni namna ya kupanga kabla ya kujenga. Anayechora ramani anawaza tangu mwanzo juu ya watu wa kila aina watakaotumia jengo: mrefu na mfupi, mwenye macho na asiyeona, kijana na mzee, aliyebeba mtoto na aliyebeba gunia. Kisha anatengeneza kitu kimoja ambacho wote watakitumia, kwa kadiri inavyowezekana. Aliyelieneza wazo hili kwa jina hilo ni Ronald Mace, msanifu wa majengo wa Marekani. Aliugua polio akiwa mtoto na alitumia kiti cha magurudumu. Katika mwaka 1985 aliandika juu ya usanifu wa namna hiyo. Hakutaka walemavu wajengewe nyumba zao na wazima zao. Alitaka nyumba ya kawaida iwe nzuri kwa kila mtu.

Maneno haya mawili yanahusiana vipi? Tuseme kwa lugha ya deni, ambayo sisi wavuja jasho tunaielewa vizuri. Ufikivu ni deni ambalo jamii inadaiwa na watu wake. Usanifu kwa wote ni kulilipa deni hilo mapema, wakati bado ni dogo. Aliyejenga ngazi saba bila kufikiri bado anadaiwa, ila sasa analipa na riba: anavunja saruji, ananunua nyingine, anasimamisha kazi, na mwisho anapata njia ya uchochoroni. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Jengo nalo hukunjwa likiwa bado kwenye karatasi.

Haya si mawazo yetu tu. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu tarehe 13 Desemba 2006. Burundi iliuridhia mwaka 2014, na tarehe 10 Januari 2018 nchi yetu ikapata sheria yake ya kukuza na kulinda haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 9 cha Mkataba kinahusu ufikivu: majengo, barabara, usafiri, habari, na mahali pa kazi pia. Kifungu cha 2 kinaeleza maana ya usanifu kwa wote. Tena katika mwaka 2014 kamati ya wataalamu inayosimamia Mkataba ilifafanua kwamba wajibu wa ufikivu unakuja kabla mtu hajaomba. Mwajiri hana ruhusa ya kusema, “Hapa kwetu hakuna kiwete, akija tutaona.” Ilifafanua pia kwamba vitu vipya vyote vinatakiwa visanifiwe kwa wote tangu mwanzo, na vile vya zamani virekebishwe hatua kwa hatua.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya majengo peke yake. Tuyatazame kazini mwetu.

Tuanze na gunia. Gunia la kahawa la kawaida ni kilo 60. Katika mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mwanaume mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Ni wachukuzi wangapi waliowahi kusikia habari hiyo? Gunia likipunguzwa, au toroli na njia nzuri ya kuipitisha vikipatikana, mwenye mgongo mbovu ataweza kufanya kazi, na mwenye mgongo mzima hatauharibu. Hapo ndipo usanifu kwa wote unapogusa kila mmoja wetu. Hujafa hujaumbika. Mwenzetu wa magongo alikuwa mbeba mizigo hodari kuliko wengi wetu mpaka asubuhi ile gari liliporudi nyuma.

Tutazame dawa za kunyunyizia mimea. Wengi wanaozishika mashambani hawakupata bahati ya kusoma, na waliosoma Kirundi au Kiswahili wanakuta maelezo ya Kifaransa. Lakini fuvu la kichwa lenye mifupa miwili kila mtu analielewa. Utaratibu wa Shirika la Chakula na Kilimo unaelekeza pia ukanda wa rangi kwenye kopo: nyekundu kwa sumu kali zaidi, kisha njano, kisha buluu, kisha kijani. Hata hivyo wapo watu wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Kwa hiyo kunatakiwa rangi, na picha, na maandishi, na msimamizi aeleze kwa mdomo katika lugha ya watu wake. Anayekosa njia moja apate nyingine.

Vivyo hivyo king'ora cha moto. Kiziwi hakisikii, anahitaji taa inayowaka na kuzima. Nani mwingine anaihitaji taa hiyo? Ni kila mmoja anayefanya kazi karibu na mashine zinazonguruma, ambaye hata mwenzake akipiga kelele hamsikii. Taa iliyowekwa kwa ajili ya kiziwi mmoja inaweza kuokoa idara nzima.

Na mizani! Ndugu zetu wa mashamba ya chai wanajua tunachosema. Karani anasimama upande wenye namba, mchumaji anasimama upande usio na kitu. Anaambiwa kilo zake, anakubali, anakwenda. Tunadai uso wa mizani umgeukie mchumaji, namba ziwe kubwa, na uzito utajwe kwa sauti mbele ya watu. Mwenye macho dhaifu atasikia, asiyesikia ataona, na mwenye macho na masikio mazima hataibiwa.

Tena ufikivu hauanzii getini. Mtu anatoka nyumbani kwake Kinama, Kanyosha au Buyenzi, na lazima afike. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilipopigwa marufuku katikati ya jiji la Bujumbura, sisi wenye miguu miwili tulilalamika, kisha tukatembea. Aliyezoea kushushwa na bajaji mlangoni pa kazi angetembea na nini? Hatubishani hapa na sababu za amri ile. Tunasema tu kwamba amri inayotolewa kwa kumfikiria mtu wa aina moja inamfungia nje mtu wa aina nyingine, hata kama hakuna aliyekusudia kumfungia.

Jirani zetu wa Dar es Salaam wana somo la kutufundisha. Mwezi Mei 2016 walianzisha mabasi ya mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni. Kituo chake kimeinuliwa mpaka sakafu yake ikalingana na sakafu ya basi. Mwenye kiti cha magurudumu, mama mwenye mtoto mgongoni, bibi mwenye kikapu, wote wanaingia kwa mlango ule ule bila kupanda ngazi. Tulinganishe na Hiace zetu, ambazo mtu anajikunja kama panga la kukunja ili aingie. Lakini somo lile lina nusu nyingine. Mabasi yanapokuwa machache na watu wakaanza kusukumana, sakafu iliyolingana haimsaidii mnyonge, kwa maana mwenye nguvu ndiye anayeingia. Usanifu mzuri unahitaji huduma ya kutosha na utaratibu wa haki. Mlango peke yake hautoshi.

Hapo tunataka kuwaonya juu ya mtego mmoja. Kuna waajiri watakaolisikia neno hili jipya na kulipenda kwa sababu mbaya. Watasema: “Sisi tumejenga kwa ajili ya wote, kwa hiyo asije mtu kutuomba kitu chake binafsi.” Ndugu wafanyakazi, tusikubali. Mkataba wenyewe unasema wazi kwamba usanifu kwa wote hauondoi vifaa vya msaada kwa wale wanaovihitaji. Jengo liwe zuri namna gani, asiyeona bado anahitaji fimbo yake nyeupe. Kiziwi aliyeitwa kujibu mashtaka ofisini bado anahitaji mkalimani wa lugha ya alama. Mwenzetu wa magongo bado anahitaji kiti cha kufanyia kazi na muda wa kwenda hospitali. Haya yanaitwa marekebisho yanayofaa, yanahusu mtu mmoja kwa hali yake, na Mkataba unahesabu kuyanyima bila sababu ya haki kuwa ni ubaguzi.

Vilevile kuna wale wanaotumia kesho kuikimbia leo. Wanasema tungoje jengo jipya, litajengwa vizuri. Huku mtu anaanguka kwenye jengo la zamani. Sisi tunadai vyote: ubao uwekwe kwenye ngazi leo, na ramani ya kesho isiwe na ngazi isiyo na lazima.

Wengine wanasema ni gharama. Tunawauliza wahesabu vizuri. Mlango wa sentimita 90 ukitengenezwa mwanzoni hauna tofauti kubwa ya bei na wa sentimita 70. Gharama iko katika kuuvunja ule wa 70. Wengine wanasema wenye ulemavu ni wachache. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita duniani ana ulemavu mkubwa. Kama huwaoni kiwandani kwako, usiseme hawapo. Tazama ngazi zako kwanza.

Sasa tufike kwenye aibu yetu wenyewe, kwa maana chama kisichojikosoa hakina haki ya kumkosoa mwajiri. Mikutano yetu ya tawi tulikuwa tukiifanya katika chumba cha ghorofani. Mwenzetu wa magongo hakuja mkutano wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Baadhi yetu walianza kusema kwamba huyu amepata kazi ya kukaa, sasa ametusahau. Mpaka siku moja tulipomkuta ameketi chini mlangoni, amefika mapema kuliko wote, anatungoja tuteremke ili atuulize tumeamua nini juu ya mshahara wake. Hatukuwa na la kumjibu. Tulikuwa tumejadili habari za ngazi za meneja tukiwa tumekaa juu ya ngazi zetu. Tangu siku hiyo tunakutana chini, uani, kwenye kivuli. Na tumegundua kwamba wanaohudhuria wameongezeka: akina mama wanaokuja na watoto, wazee waliostaafu, na wale waliokuwa wakiona haya kuingia ofisini.

Je, kiwandani ilikuwaje? Daftari la mahudhurio sasa lina nakala kwenye geti la nyuma. Fedha zilizokatwa hazijarudishwa, na hatujaacha kuzidai. Mwajiri alipotaka kujenga ghala jipya tuliomba kuona ramani kabla ya msingi kuchimbwa. Meneja alishangaa, akasema tangu lini wapakiaji wakasoma ramani. Tulimjibu: “Bwana Meneja, kusoma hatukusoma sana, lakini ngazi tunazijua, kwa kuwa sisi ndio tunaozipanda na mizigo.” Ramani ilikuwa na ngazi tano mbele. Baada ya vikao vitatu sakafu ilishushwa, mlango ukawekwa usawa wa ardhi, na wote watapita hapo. Choo cha kufaa wamekataa, wakisema watakifikiria baadaye. Tumeandika neno hilo “baadaye” kwenye kumbukumbu za kikao, na tumeweka tarehe.

Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wote, wa viwandani na wa mashambani, wafanye mambo haya:

Kwanza, pitieni mahali penu pa kazi kuanzia barabarani mpaka chooni, mkiongozana na mwenzenu mwenye ulemavu. Msiende kumwamulia. Yeye ndiye aseme panapomzuia.

Pili, andikeni yanayoweza kurekebishwa wiki hii, na myadai wiki hii.

Tatu, mkisikia mwajiri anataka kujenga, kuhamisha mashine au kununua mizani mpya, ombeni kuona mipango kabla, wala msingoje sherehe ya kufungua.

Nne, mwenzenu akihitaji kitu cha peke yake, msimwambie kwamba anajidekeza. Simameni naye.

Tano, chunguzeni ofisi na mikutano ya chama chenu kwanza.

Ndugu wafanyakazi, geti la nyuma ni la kupitishia mizigo na taka. Mwenzetu aliyetoa mguu wake kwa ajili ya kiwanda hastahili kupitishwa hapo. Na hakuna kati yetu ajuaye kama kesho atakuwa na miguu miwili. Tuudai mlango mmoja, mbele, usawa wa ardhi, ambao tutaingia sote kwa pamoja na kutia sahihi kwa saa moja.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.